Namna ya kuvuka daraja refu kwa miguu, hata kama magoti yanatetemeka

Simama katikati ya Daraja la Tanzanite, weka kiganja juu ya ukingo wa chuma, kisha subiri lori lipite nyuma yako. Kwanza utasikia mngurumo. Halafu chuma kitakutekenya mkononi, na nyayo zitahisi sakafu ikipanda na kushuka kidogo tu, kama mtumbwi uliopitiwa na boti. Dereva wa lile lori hakuhisi chochote. Kwake ile ni barabara tu. Mtembea kwa miguu ndiye anayegundua kwamba daraja linacheza, na anagundua akiwa hana pa kwenda ila mbele au nyuma.

Mwongozo huu ni wa kukufikisha hapo. Nimeuegemeza Dar es Salaam kwa sababu ndiko nilikojifunzia, halafu nimeumalizia Mwanza, kwenye daraja refu kuliko yote tuliyonayo. Nikiri mapema: mimi ni mwoga wa vimo. Ngazi ya kubadilishia balbu inatosha kunitoa jasho. Kwa hiyo ninayokwambia hapa yamepimwa kwa magoti ya mtu mwoga, si ya fundi minara.

1. Chagua daraja la kuanzia

Usianze na refu. Anza na Daraja la Nyerere, ambalo mjini hakuna anayeliita hivyo. Sema Daraja la Kigamboni. Lina mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na lina njia ya miguu pande zote mbili. Magari yanapanga foleni ya kulipia tozo, wewe unapita zako. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika nane hadi kumi kutoka Kurasini mpaka ng'ambo, na ukishindwa katikati, kurudi ni mita mia tatu na kitu tu. Mkondo wa bahari unaopita chini umezungukwa na nchi kavu, kwa hiyo jicho linapata pa kushika.

La pili liwe Tanzanite. Hili lilifunguliwa mwaka 2022, lina mita 1,030, na linatoka upande wa Hospitali ya Aga Khan likikata maji hadi Oysterbay, jirani na Coco Beach. Upande mmoja ni bahari wazi mpaka upeo wa macho, upande wa pili ni mikoko ya mdomo wa Msimbazi na daraja la zamani la Salenda likiwa limejaa magari kama kawaida yake. Wakimbiaji wa asubuhi wapo wengi, na hilo lina faida yake: ukimuona mama wa makamo anakupita huku anazungumza na simu, woga wako unaona haya.

Wenzetu wa Mombasa wana Nyali, lililojengwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Watu wa huko wanalivuka kwa miguu kila siku kwenda kazini na hawaoni la ajabu. Waulizeni wao.

Kwa daraja lolote jingine, kabla hujatoka nyumbani hakikisha mambo matatu. Kuna njia ya miguu iliyotengwa na magari kwa ukingo? Inaruhusiwa kutembea? Na utarudi vipi? La kwanza likikosekana, acha. Kutembea kwenye bega la barabara ya malori juu ya mto hakuna raha, ni kuhesabu vioo vya pembeni vinavyokupitia sikioni.

Madaraja ya reli yaondoe kabisa kichwani. Najua yale ya SGR yanapendeza ukiyatazama kutoka chini, lakini hayana njia ya miguu, juu yake kuna nyaya za umeme wa volti 25,000, na treni ya umeme haikupi kelele za kutosha kukuonya.

2. Soma maji kabla ya kusoma saa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakwenda darajani saa yoyote, wanakuta tope, wanasema mbona hamna kitu. Daraja la baharini lina nyuso mbili kwa siku, na inabidi uchague unataka upi.

Kwa ndugu zangu wa bara: bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata muda huo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Basi. Ukijua tarehe ya mwezi, unayo ratiba ya bahari bila kufungua simu. Waswahili walikuwa wakipanga safari za jahazi kwa hesabu hiyo hiyo.

Ukitaka msisimko kamili, nenda Tanzanite siku ya bamvua saa kumi jioni. Maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, rangi ni ya kijani iliyoiva, na mawimbi yanagonga nguzo kwa sauti unayoisikia kifuani. Ukitaka kujifunza taratibu, nenda saa nne asubuhi ya siku hizo hizo. Utakuta miamba na tope vimeanikwa, ndege wenye miguu mirefu wanadokoadokoa, na hapa na pale mtu ameinama anachimba chambo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba maji yakitoka, unakuwa juu zaidi kutoka kilicho chini yako kuliko yakijaa. Lakini woga haujui hesabu. Ukiona ardhi, hata ya tope, moyo unatulia. Utumie udhaifu huo wa woga mara mbili tatu za mwanzo.

3. Upepo, na habari ya dera

Kusi hushika katikati ya mwaka, na mchana wa Juni hadi Agosti hupiga kwelikweli juu ya daraja kuliko unavyousikia barabarani, maana hakuna nyumba wala mwembe wa kuuvunja. Kaskazi ya Desemba hadi Machi huja na joto. Misimu yote miwili, alfajiri ndiyo huwa shwari zaidi. Kwa mara ya kwanza kabisa, nenda kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua bado laini, na bahari imelala.

Sasa mavazi. Dera ni vazi zuri la shughuli, lakini darajani hugeuka tanga. Upepo wa daraja hauji kutoka pembeni tu, hugonga ubavu wa daraja ukapanda juu, kwa hiyo kinachopeperushwa kinapeperushwa kwenda juu. Akina dada, vaeni suruali au leggingsi ndani, na mtandio uwe na pini. Akina baba msicheke: kofia yangu ya kwanza ya darajani iko mahali fulani kwenye mkondo wa Kurasini mpaka leo. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Viatu viwe raba zenye kufungwa. Kandambili zikikutoka mguuni kwenye njia ya mita mbili na nusu hutazifuata zilikokwenda.

Mizigo iwe michache: maji, simu yenye kamba ya shingoni au mkononi, pesa kidogo ya nauli. Hakuna duka juu ya daraja wala choo. Hilo la pili lizingatie kabla ya chai ya tatu.

4. Mita mia za kwanza

Hutaingia darajani ghafla. Madaraja makubwa huanzia nchi kavu, barabara inapanda polepole, na kwa dakika mbili au tatu chini yako bado kuna majani, mabati, watoto wanaocheza. Nenda pole hapa. Mwili unazoea kimo kama jicho linavyozoea giza, kwa hatua.

Utafika mahali utakanyaga bamba la chuma linalolia chini ya kiatu, na pembeni yake, barabarani, utaona meno ya chuma yaliyopishana kama vitana viwili. Magari yakipita hapo yanasema *kwatu-kwatu*. Simama. Hapo ndipo daraja linapopumulia. Zege na chuma hurefuka vikipata joto: kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka, mita 100 za daraja huongezeka sentimita moja hivi. Daraja la kilomita moja, basi, hujinyoosha na kujikunja kwa sentimita kumi na ushei, na lisipopewa nafasi litajipasua lenyewe. Tazama pengo alfajiri, ulitazame tena ukirudi adhuhuri. Litakuwa limebana.

Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza na fundi mmoja wa barabara, woga wangu ulipungua nusu. Nilikuwa nikidhani kucheza ni ubovu. Kumbe limejengwa licheze.

5. Katikati, na usikimbilie kuondoka

Watu wengi wakifika katikati wanapiga picha tatu wanaondoka. Wewe kaa dakika kumi. Kabla ya kutoa simu, panua miguu kidogo, weka viganja viwili kwenye ukingo, ufumbe macho kama unaweza. Bajaji haitasema kitu. Gari dogo ni kama mtu anapiga kidole kwenye meza ya chumba cha pili. Basi utalipata. Lori la kontena, hasa pale Kigamboni, litakuja kama wimbi: linaanza kwenye visigino, linapanda magotini, linaondoka. Ukikaa muda wa kutosha utaanza kujua kinachokuja kabla hujageuka.

Kutikisika huku kuna historia yake, na mtembea kwa miguu ndiye mhusika mkuu. Mwaka 1831, huko Broughton karibu na Manchester, Uingereza, kikosi cha askari 74 kilipita juu ya daraja la kuning'inia kikipiga hatua moja. Daraja likaanza kuruka kwa mdundo wa hatua zao. Inasemekana wao wakaona raha, wakazidi kukanyaga. Likakatika. Hakufa mtu, ila jeshi la Uingereza likaweka amri inayotumika hadi leo: mkifika darajani, vunjeni hatua, kila mtu atembee kivyake.

Kwa hiyo kama mnakwenda kundi zima na mmezoea mchakamchaka, wimbo wenu uachwe mwanzoni mwa daraja. Watu ishirini hawawezi kuangusha Tanzanite, hilo lisikutie wasiwasi. Lakini kwenye vidaraja vyembamba vya kamba au vya waya huko vijijini amri hiyo ni ya kushika kweli, na mazoea mazuri hujengwa kwenye daraja kubwa.

Tena si lazima mpige hatua moja kwa makusudi. Juni 2000, London ilifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Millennium Bridge. Siku ile ile likaanza kuyumba kushoto na kulia, na baada ya siku mbili likafungwa. Walipochunguza wakakuta hivi: mtu akitembea huegemea kidogo kushoto, kidogo kulia. Daraja likiyumba kidogo tu, kila mmoja anajirekebisha asianguke, na kwa kujirekebisha wote wanajikuta wanayumba pamoja bila kuambiana. Kadiri wanavyoyumba pamoja ndivyo daraja linavyozidi. Likawekewa vifaa maalumu vya kumeza mtikisiko, likafunguliwa tena mwaka 2002. Nimelisoma hilo mara nyingi na bado hunishangaza, umati mzima ukicheza ngoma moja bila ngoma.

Na wapo walioliona daraja likibonyea. Mei 1987, Golden Gate ya San Francisco ilipotimiza miaka 50, lilifungwa kwa magari na watu wapatao 300,000 wakajaa juu yake. Lile daraja lina mgongo uliopinda kidogo kwenda juu, na siku hiyo mgongo ulinyooka kwa uzito wa watu. Watu waliosongamana ni wazito kuliko magari, kwa sababu magari huachiana nafasi.

Ukimaliza kusikiliza, ndipo uangalie. Kigamboni, upande wa kaskazini una bandari na meli zake. Kusini kuna mikoko na ukimya. Tanzanite, tazama nguzo zinavyoingia majini, alama ya maji ya bamvua ilipoacha mstari. Halafu piga picha zako.

6. Magoti yakigoma

Yatagoma. Kuna wakati, mara nyingi kabla kidogo ya katikati, miguu inakuwa ya pamba na viganja vinaloa. Ilinitokea Kigamboni mara mbili nikageuza, na sikuona aibu, maana hakuna aliyenijua.

Kwanza, sogea upande wa barabara, mbali na ukingo wa maji. Njia ina upana wa kutosha. Macho yaweke kwenye kitu kisichotembea na kilicho mbali, mnara wa daraja au jengo la ng'ambo. Kisha hesabu nguzo za taa. Usiseme unavuka daraja, sema unafika nguzo ya tano. Ukifika, simama, vuta pumzi, uamue habari ya nguzo ya kumi. Mpwa wangu wa miaka tisa nilimvusha hivyo, na kufika nguzo ya kumi na mbili ni yeye aliyekuwa ananivuta mkono.

Kuna mitego miwili ya macho. Usiangalie juu kwenye kilele cha mnara wakati mawingu yanakimbia. Utaona mnara unakuangukia. Na usikazie macho maji yanayokwenda chini yako, kwa sababu baada ya sekunde chache ubongo utabadilisha mambo: maji yatasimama, na daraja litaanza kuteleza ubavu pamoja nawe. Ikikutokea, tazama mikono yako mwenyewe juu ya ukingo. Daraja litasimama.

Usikimbie. Anayekimbia kwa woga huchoka katikati, akabaki na woga na kuishiwa pumzi pamoja.

Na usiende siku ya umati kwa mara ya kwanza. Hofu ya watu wengi ni mbaya kuliko ya mmoja. Brooklyn Bridge ya New York ilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Siku sita baadaye, palipokuwa pamejaa watu wa sikukuu, mwanamke mmoja alijikwaa kwenye ngazi, mwingine akapiga ukelele, watu wakasukumana wakidhani daraja linaanguka. Walikufa 12. Daraja lenyewe halikuwa na tatizo lolote, na liko palepale mpaka leo; walio huko wanalitembea kwenye njia ya mbao iliyo juu ya magari, na ni moja ya matembezi mazuri zaidi ya bure katika jiji lisilo na vya bure.

7. Askari, picha, na mtu aliyesimama peke yake

Madaraja makubwa hulindwa. Pale Kigamboni, ukizingatia bandari iko mbele ya macho, kamera kubwa inaweza kuleta maswali. Msalimie askari kwanza, mwambie unafanya mazoezi, uliza kama picha inaruhusiwa na upande gani. "Shikamoo afande" haijawahi kumgharimu mtu. Akikataa, usibishane, mtikisiko hauhitaji picha. Ndege isiyo na rubani usiirushe bila kibali.

Usikae juu ya ukingo, hata kwa sekunde moja ya picha. Mtoto mshike mkono wa upande wa magari.

Na ukimkuta mtu amesimama peke yake muda mrefu, hatazami simu wala hazungumzi, msalimie. Muulize anakwenda wapi, umkaribishe mtembee pamoja hadi mwisho. Mara nyingi ni mtu anayepunga upepo tu, atakujibu vizuri na mtacheka. Kama sivyo, kaa naye umuite askari.

8. Marejeo

Waliosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walijua safari. Ukishavuka, uko ng'ambo na nyumbani ni ulikotoka. Tanzanite ni rahisi: teremka Coco Beach, kula mihogo ya kukaanga na pilipili, kisha urudi kwa miguu kwa njia ya upande wa pili ili usione kitu kilekile mara mbili. Kigamboni mimi huunganisha duara: navuka daraja, nachukua daladala hadi Feri, narudi mjini kwa pantoni. Ukiwa kwenye pantoni unatazama maji yaleyale kwa kimo cha nusu mita, na unashangaa ulikuwa unaogopa nini.

9. Madaraja ya mpakani

Haya yana utamu wa aina yake: mguu mmoja nchi hii, mwingine nchi ile. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 juu ya Ruvuma, lilifunguliwa Mei 2010 na ng'ambo yake ni Msumbiji. Daraja la Maporomoko ya Victoria, kati ya Zambia na Zimbabwe, ni la mwaka 1905 na liko mita 128 juu ya maji. Hapo unaweza kuwaomba uhamiaji kibali cha kwenda darajani na kurudi bila kuingia nchi ya pili. Ukipanda treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, Zambia, umeshaikata sehemu kubwa ya safari. Kanuni ni moja: pita ofisi ya uhamiaji kwanza, hata kama unataka kufika katikati tu.

Rusumo, kwenye mto Kagera kati yetu na Rwanda, ni dogo. Lakini mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka pale ndani ya saa 24, na hakuna aliyevuka kwa raha. Ukipita pale, pita kimya.

10. Ukishaiva: Kigongo–Busisi

Sasa uko tayari kwa kilomita tatu. Daraja la J.P. Magufuli linakata Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi Busisi wilayani Sengerema, na lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Aliyewahi kusubiri kivuko pale akielekea Geita anajua maana yake. Gari sasa linavuka kwa dakika chache. Wewe jipe saa nzima: dakika arobaini za kutembea, zilizobaki za kusimama.

Kutoka Mwanza mjini panda magari ya Sengerema au Geita, au yoyote yanayopita Usagara kisha uunganishe hadi Kigongo. Mwambie konda ushuke kabla ya daraja, tena umwambie mapema na umrudie, maana hatakuelewa mara ya kwanza. "Unashuka darajani? Unafuata nini?"

Vuka asubuhi kuelekea Busisi, urudi jioni kuelekea Kigongo. Kigongo iko mashariki, Busisi magharibi, kwa hiyo jua litakuwa mgongoni safari zote mbili. Kivuli hakuna kabisa. Lita moja ya maji ni kiwango cha chini, na kofia ile yenye kamba.

Hapa sahau hesabu za bamvua, ziwa halina kujaa na kupwa. Cha kusoma ni mawingu. Radi za ziwani si za kufanyia mzaha, na nyingi hupiga usiku kuelekea asubuhi, ndiyo maana huangalii saa bali anga. Ukiwa katikati, uko kilomita moja na nusu kutoka pande zote mbili, robo saa na zaidi kwa mwendo wa haraka, na wewe ndiwe kitu kirefu kwenye njia ya miguu. Wingu jeusi likionekana upande wowote, subiri. Daraja halihami.

Mtikisiko wake ni tofauti na wa Dar. Magari ni machache, kwa hiyo kuna vipindi virefu vya ukimya ambapo unasikia nyaya zikiguna kwa upepo na maji yakilamba nguzo. Kisha basi la Geita linatokea mbali kama punje, unaweka kiganja kwenye ukingo, unangoja. Unalihisi kabla hujalisikia. Mitumbwi ya wavuvi inapita chini, na ukipunga mkono wanapunga.

Busisi tafuta mama lishe, agiza sato na ugali. Kuna waliokuwa wakiuza karanga, mahindi ya kuchoma na samaki kwenye foleni ya kivuko, na foleni hiyo haipo tena, kwa hiyo nunua kitu. Ukimaliza, vijana wa bodaboda watakuzunguka wakikutajia bei ya kukuvusha. Washukuru, waambie unarudi kwa miguu. Watakwambia ni mbali. Jibu kwamba unajua, kaza kamba za raba, na uanze kuhesabu nguzo za taa.